Aliyechuma Karafuu Zangu

Nilianguka kutoka juu ya mkarafuu kule Kinole, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza. Tawi nililokanyaga lilikatika, nikafika chini paja limevunjika. Hospitalini mjini Morogoro wakaniwekea chuma, nikarudi mlimani kwa magongo.

Shamba ni la ukoo wa mke wangu, na karafuu zilikuwa tayari kuchumwa. Nikiwa bado kitandani, mke wangu akachukua kamba yangu na kikapu changu, akaanza kupanda mwenyewe. Mwanzoni nilimhurumia. Kisha wenye mashamba ya jirani wakaanza kumwita awachumie, na mama mkwe akawa anawaambia wageni, nami nipo, kwamba binti yake ana mkono mwepesi, havunji matawi. Iliniuma kuliko paja. Angekuwa amempenda mwanamume mwingine, ningejua wa kugombana naye.

Nikaanza kumtafutia makosa. Akirudi, nilimwambia amechuma zilizokwisha kuchanua, za bei ndogo, ameacha vikonyo vingi. Alimwaga karafuu kwenye mkeka, akakaa kuzichambua. Harufu ile kwa miaka mingi ilikuwa inaingia nyumbani na nguo zangu. Sasa iliingia na zake.

Msimu mwingine ulipokaribia, daktari alitazama picha ya mfupa, akasema umeunga vizuri, nirudie kazi kidogo kidogo. Mke wangu alikuwepo, akasikia. Hata hivyo sikuyaacha magongo. Kila nilipousogelea mkarafuu, nilisikia tena tawi likikatika.

Mchana mmoja wa msimu huo nilimsikia akicheka huko shambani, yeye juu ya mti huu, mama jirani juu ya ule. Sikuvumilia. Nikaenda, nikamwambia ashuke, kazi ile ni yangu. Akashuka taratibu, akanipa kamba.

Nikayaacha magongo chini, nikapanda, nikafika kwenye panda ya kwanza tu, pale shina linapogawanyika. Mikono ikalikumbatia shina ikakataa kuachia, jasho likaniingia machoni. Nikasubiri anicheke.

"Mguu umepona, baba watoto," alisema kwa sauti ya chini, mama jirani asisikie. "Unaogopa. Hata mimi naogopa, kila nikipanda."

Muda wote ule nilidhani anapanda kama anayeingia jikoni kwake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeninyang'anya kamba."

Ilikuwa kweli. Nikabaki pale pale kwenye panda, nikachuma zilizokuwa karibu na mkono. Yeye akanipita, akaendelea juu.

Siku hizi tunachuma pamoja, mimi matawi ya chini na ya kati, yeye ya juu. Kileleni bado sijafika. Wenye mashamba wakija humwulizia yeye kwanza, nami huwaonyesha mti alipo. Nikiinua kichwa naona nyayo zake zimekanyaga pale nilipozoea kukanyaga mimi, na wivu unanipanda. Nainamisha kichwa, naendelea kuchuma.