Kamba Katika Chumba cha Ooko

Katika nyumba ya Phelister, Buruburu fezi ya tatu, kamba haikuvuka kizingiti kwa miaka tisa. Nguo zilianikwa kwenye waya. Gunia la mkaa lilifunguliwa nje ya geti, na kamba yake ikatupwa hukohuko. Hakuna aliyetoa amri. Ilijulikana tu, kama ilivyojulikana kwamba chumba cha nyuma, alimojinyonga mwanawe Ooko, hakifunguliwi. Kwao Siaya mti aliojinyongea mtu ungekatwa ukachomwa, lakini boriti ya chuma iliyobeba paa haikatwi. Phelister alisukuma komeo akageuka, na hakuonekana tena upande ule.

Siku ile Ooko alimpigia dada yake Maurine simu mara tatu. Maurine, karani wa bima aliyependa milima, alikuwa juu ya miamba ya Lukenya, simu imezimwa ndani ya mkoba. Matangani mama yake alimwambia maneno mawili: "Ulikuwa unacheza."

Maneno hayo ndiyo yaliyompeleka chuo kikuu. Alisoma jioni kwa miaka sita hadi akawa mwanasaikolojia, kisha akafanya jambo ambalo hata walimu wake walilitilia shaka: aliacha meza na kiti akawapeleka wagonjwa milimani. Alikuwa ameona kwamba mtu aliyenyamaza mwaka mzima ofisini huanza kusema akiwa kwenye jabali, akijua kuna mwenzake chini ameshika kamba yake.

Majirani hawakumsamehe. "Babu zetu walitoka msituni kwa miguu," alisema Mama Whitney, wa ukuta wa pili. "Wewe unawalipisha wajukuu warudi?" Wengine walisema wazi kwamba mtu anayewaongoza watu porini kwa mstari ana dini yake ya siri, na wakavuka barabara walipomwona.

Kamba zake alikuwa akizihifadhi kwa rafiki huko Umoja. Mwezi huo rafiki alihama. Jumamosi Maurine alikuwa na watu wanane wa kupeleka Lukenya, naye alikuwa bado anaishi kwa mama yake. Akafikiria mahali pamoja tu ambapo Phelister hangekanyaga kamwe. Alhamisi, mama akiwa kanisani, akafungua komeo, akasukuma mkoba wa kamba ndani gizani, akafunga.

Ijumaa alichelewa kwenda kazini. Alipotoka bafuni alimkuta mama yake uani, ufagio mkono mmoja, kamba nyekundu mkono wa pili. Nyuma yake mlango wa Ooko ulikuwa wazi. Sakafu inang'aa. Kitanda kimetandikwa. Hapakuwa na utando wa buibui hata mmoja.

Kila Ijumaa, miaka tisa, binti akishaondoka, mama alikuwa akiingia kufagia.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kazi, Mama."

"Sikuuliza ni ya nini. Hii ni nini?"

"Kamba."

"Na umeiweka wapi? Sema. Si kazi yako ni kusemesha watu?"

"Kwa Ooko," Maurine akasema. "Sikujua unaingia humo."

"Utajuaje? Unauliza wageni wanaota nini. Mimi hujaniuliza hata nimelalaje."

"Phelister, kuna amani huko?" Mama Whitney aliuliza kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Chunga sufuria yako." Phelister hakugeuza kichwa. "Alikupigia mara tatu. Leo unawafunga watoto wa wenyewe kamba unaita dawa. Itoke, ama utoke nayo."

Maurine alitoka nayo.

Kesho yake Lukenya aliwaambia watu wanane wazime simu, wazitie mkobani. Yake aliiacha imewashwa mfukoni.

"Daktari, sheria si ni ya wote?" aliuliza Luseno, dereva mstaafu aliyefiwa na mke.

"Ni yenu."

Luseno alipanda polepole, akafika juu, akaanza kushuka. Alikuwa katikati ya mwamba simu ilipolia. Maurine alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, na uzito wote wa yule mzee ulikuwa mikononi mwake. Simu ikanyamaza. Ikalia tena. Aliisikia hadi mlio wa mwisho, jasho likimwingia machoni, huku akiachia kamba kidogo kidogo, shubiri kwa shubiri. Ikanyamaza. Viatu vya Luseno vilikanyaga nyasi ilipolia mara ya tatu, akaipokea.

"Kwani kwako lazima mtu apige mara tatu?" akasema mama yake.

"Nilikuwa nimeshika mtu, Mama."

Upande wa pili palisikika waya wa nguo ukigongagonga nguzo.

"Ameshuka?"

"Ameshuka."

"Nimetia kile chumba kufuli. Ufunguo wako uko juu ya friji. Ijumaa unafagia wewe." Akapumua. "Na hiyo kamba ilale kwingine."

Akakata.