Agripina na Sarafu ya Mama Mkuu

Agripina, mpishi wa masista pale Iguguno, hawezi kuona kitu kimebonyea akakiacha. Sufuria yangu aliinyoosha kwa nyundo mpaka ikavuja. Nilipolalamika, akaninyooshea na mfuniko. Siku hizi hata kuku wangu wakipita mbele yake wanajikaza migongo.

Sasa Sista Walburga, mkubwa wa nyumba, ana sarafu ya kwao Ujerumani, ya miaka mia nane! Zamani hizo, anasema, masista walitawala mji mzima, wakafua fedha yao wenyewe yenye sura ya mama mkuu wao. Nyembamba kama ganda la kitunguu, imegongwa upande mmoja tu, kwa hiyo nyuma imebonyea kama sahani. Sista aliiacha mezani kifudifudi. Agripina akapita na kitambaa cha vumbi, akaona bonde. Akaigeuza, akamkuta mama mkuu amevimba upande wa pili, akaona amsaidie.

Akanijia mbio na kijibati mkononi.

"Shikamoo, mama Winfrida. Nimempiga mama mkuu."

"Yupi tena?"

"Huyu wa kwenye sarafu. Hana uso! Sista atanifukuza, na jikoni mle nimepika miaka kumi na tisa. Nitungie uongo."

Hapo alifika kwa fundi. Nikampa wa maana: kunguru kaingia dirishani, kaibeba, kaiangusha barabarani, lori la alizeti likaikanyaga, kunguru akaona aibu akairudisha. Nikamkaririsha mara tatu.

"Kunguru wa rangi gani?"

"Agripina! Kunguru!"

Akaenda. Sista akauliza tu, "Agripina, nini hiki?" Akajibu, "Nyundo, Sista." Basi! Kunguru wangu mzima, na lori lake, kazi bure.

Sista akaigeuzageuza ile sarafu mpaka maharage yakaungua. Kisha akachukua kalamu.

"Wewe ndiye wa mwisho kumtazama. Alikuwaje?"

Agripina akaeleza: mashavu manene, kiti kirefu, kitabu mkononi, macho ya mtu aliyechoka kuulizwa chakula kiko wapi. Sista akachora, akacheka, akabandika ukutani. Akamwambia arudi jikoni, ila nyundo aiache pale mezani.

Ningefurahi naye. Lakini mwanamke huyu, alipoulizwa kama ana la kuongeza, akamtaja kunguru, na akanitaja mimi niliyemtunga. Jumapili Sista kanisimamisha mlangoni mwa kanisa, watu wote wanasikiliza, ananiuliza lile lori lilikuwa la nani.