Uchungu wa Mama Wakio Juu ya Shimo

Siku Obadiah alipomwona Mama Wakio kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa chini shimoni akichimba na mama yule alikuwa juu, amesimama ukingoni. Jua lilimpiga mgongoni, kwa hiyo uso haukuonekana. Kilichoonekana ni miguu mikavu na ndoo tupu. Udongo kidogo uliporomoka ukamwangukia Obadiah mabegani, naye akajibanza ukutani akidhani shimo linamfunika.

"Mkubwa wenu ni nani hapa?" mama akauliza.

Obadiah alinyoosha kidole juu, upande aliko nyapara. Alikuwa mtu wa haya.

Ilikuwa miaka ya sabini, chini ya mlima Kasigau. Kampuni moja ilikuwa imepata kibali cha kuchimba mawe ya kijani, yale yanayotiwa kwenye pete. Ilipozungusha seng'enge yake, ilifungia ndani chemchemi ambayo watu wa kijiji cha Rukanga walikuwa wakiteka tangu zamani, na maji yake sasa yakawa ya kuoshea mawe.

Mama Wakio alikuwa mjane. Mumewe alikuwa kibarua wa reli pale Voi, na alipofariki mama alirudi kwao akalima mahindi na kusuka vikapu vya mkonge. Jumapili aliimba kwaya, tena sauti nzito pamoja na wanaume. Alisema kule kwa wanawake kulikuwa kumejaa, na yeye hapendi kusukumana.

Nyapara Nzioka, Mkamba mmoja mnene asiye na ubaya, alimfuata pale ukingoni.

"Mama, hapa hapapitwi."

"Nimekuja kuteka."

"Maji ni ya kampuni, mama yangu."

"Na haya mawe?"

"Kilicho chini ya ardhi ni cha serikali, na serikali imeipa kampuni."

"Basi nikizikwa, mimi nami nitakuwa wa kampuni?"

Wachimbaji waliangua kicheko, lakini mama hakucheka. Aliweka ndoo chini. "Mnatoa mali hapa mnaipeleka mbali. Sisi mnatuachia mashimo na kiu. Nina uchungu na shimo hili, na sitautema."

Kicheko kikakatika.

Wadawida, yaani Wataita wa huko, wana desturi wanayoiita kutasa. Mtu mzima akiwa na hasira moyoni, anapewa maji au pombe ya miwa, anajaza kinywa, anayapuliza nje kama manyunyu huku akisema hasira imetoka. Asipofanya hivyo, wanaamini hasira inabaki ikifanya kazi yake, na kile kilichomkasirisha hakiguswi. Zaidi ya hapo, kinywa na moyo lazima vikubaliane. Anayetema maji na kubaki na uchungu, amezidisha hatari.

"Mnaogopa mate ya kikongwe?" Nzioka aliwauliza.

"Si mate, nyapara," alisema Hudson, mchimbaji mwenzake Obadiah. "Tunaogopa yale ambayo hajayatema."

Hudson na wengine wakakaa juu. Obadiah alishuka, si kwa ushujaa. Aliona haya kukataa mbele ya watu. Huko chini kila kokoto iliyodondoka ilimsimamisha nywele. Alipiga mtaimbo mara moja, akasikiliza, akapiga tena. Usiku aliota mdomo wake umejaa udongo. Mkewe alimwambia aache kazi, lakini angewalisha nini watoto? Kisha siku moja ukuta wa upande wa mlima ulimeguka. Haukumgusa, ila hakukumbuka alivyopanda ngazi. Alijikuta juu ameshika nyasi kwa mikono miwili, na hakushuka tena.

Meneja wa kampuni akaelezwa kwa nini kazi imesimama. Akasema kama ni maji tu ya kupuliza, mama aitwe apulize. Tena akaapa mbele ya watu kwamba kijiji kitaletewa bomba, siku moja, mambo yakiwa mazuri.

Mama Wakio akaja na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Hudson alimpa maji kwenye kata ya kibuyu. Alijaza kinywa mashavu yakavimba. Watu wote wakasubiri apulize.

Mama akayameza.

Meneja alipiga makofi. "Vizuri sana! Haya, kazini!" Alikuwa peke yake. Wachimbaji walikuwa wamerudi nyuma mpaka kwenye seng'enge, na Hudson alikuwa akinong'ona sala.

"Maji matamu," mama alisema. "Bado ni yetu. Siku nitakayoyateka Rukanga, nitatema."

Kampuni ilijaribu kuleta vibarua kutoka Taveta. Walipohadithiwa, wakarudi na lori lililowaleta. Mashine zikalala, mvua ikakaribia, na meneja akaanza kupigiwa simu asizozipenda. Mwishowe mabomba yalifika, yakatandikwa kutoka chemchemi mpaka karibu na kanisa la Rukanga, na wanawake wakateka.

Mama Wakio alitimiza ahadi. Alisimama ukingoni akapuliza maji, manyunyu yakaangukia mdomo wa shimo, na wanaume wengine wakatoa machozi. Nzioka akamsukuma Obadiah begani: "Wewe ulikuwa wa kwanza kushuka. Haya, tuongoze."

Obadiah alishika ngazi. Kisha akageuka. Kwa mara ya kwanza maishani alimsemesha mama yule, tena kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie. Hakupata nafasi nyingine, kwa kuwa wiki hiyo hiyo binti wa Mama Wakio alikuja kumchukua mama yake kwenda kuishi naye Voi, na huko ndiko mama alikofia.

"Mama," alisema, "uchungu umetoka wote?"

Mama Wakio alifuta kinywa kwa ncha ya leso, akamtazama kama mtu anayemhurumia.

"Wa maji umetoka, mwanangu. Wa mawe bado. Shuka, lakini usikawie huko chini."