Kisogo cha Kompyuta

Nimefika nyumbani Columbia, hapa Marekani, jioni hii nikiwa hoi. Si uchovu wa kubeba zege, rafiki yangu. Ni huu wa kukaa ofisini Arlington siku nzima mbele ya skrini, kisha ukakae tena barabarani nyuma ya magari ya watu waliochoka kama wewe. Nimevua viatu mlangoni, nimebandika chai, nimemkuta mwanangu mezani ameinamia simu, anatazama michoro. Kuna kompyuta ya mezani inayosemekana itatoka hivi karibuni, na watu ambao hawajawahi kuitia machoni wameshaichora kila upande. Mmoja anasema itakuwa nyembamba kama sinia, mwingine anasema itakuwa kiboksi cha kukaa kiganjani.

"Nani kaiona?" nikamuuliza.

"Nobody, Mama. They're just guessing."

Kiswahili anakisikia chote, ila mdomoni kwake hakitoki. Kwa hiyo wanakisia tu. Nilisimama pale na kikombe mkononi nikacheka peke yangu, maana mimi nimekulia katika nyumba iliyokisia umbo la kompyuta kiangazi kizima, na kwetu haukuwa mchezo.

Wakati huo tulikaa Hyattsville, ghorofa ya tatu, kwenye majengo ya matofali mekundu karibu na reli. Treni ya mizigo ikipita, vikombe kabatini viligongana na mama alisema, "Haya, wameshafika wageni." Ukipanda ngazi ulijua nani kapika nini bila kubisha hodi. Chini kabisa iliki na karafuu za mama wa Kizanzibari, katikati sombe, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi wa jirani yetu Mkongo, na juu kwetu maharage ya nazi. Jumamosi asubuhi mimi na mdogo wangu tuliteremsha nguo chini kwenye mashine za kufulia za jengo zima, tukakaa juu ya kapu kulinda zamu yetu, na tukirudi tulikuta maandazi ya moto yamefunikwa kwa taulo. Baba alikuwa anafanya kazi ghalani, kupakia maboksi. Mama alikuwa anahudumia wazee majumbani. Wote wawili walikuwa wanachoka, lakini naapa walichoka tofauti na mimi. Wao walichoka wakacheka.

Baba alikuwa ameapa kutununulia kompyuta, maana walimu walikuwa wameanza kutaka kazi zilizochapwa na sisi tulikuwa tunashinda maktaba kugombania viti. Lakini hakutaka kompyuta yoyote tu. Kulikuwa na moja iliyokuwa inasubiriwa, mwili mmoja, skrini na mashine pamoja, na magazeti yalikuwa yanaizungumza kama bibi harusi ambaye bado yuko ndani. Baba akasema hanunui ya jana wakati ya kesho iko njiani. Alisema hivyo mbele ya majirani, na mwanamume wa Tanga akishasema mbele ya majirani, mwachie.

Sasa hapo ndipo anapoingia bibi, mama yake baba, aliyekuwa Tanga.

Nyumbani kwa bibi hakuna chombo kilichokaa uchi sebuleni. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, televisheni chake, friji chake, hata jagi la maji lilikuwa na kofia ya uzi yenye shanga pembeni. "Kitu cha heshima hakikai uchi," ndivyo alivyokuwa akisema. Na kila mtoto wake alipoanza maisha yake mwenyewe, chombo cha kwanza cha maana kikiingia ndani, bibi alikifumia kitambaa kwa kipimo. Baba zangu wakubwa walikuwa navyo. Shangazi zangu walikuwa navyo. Baba yangu, kitinda mimba, aliyeondoka na sanduku moja, hakuwa nacho. Kwa hesabu ya bibi, mtoto ambaye hajafumiwa kitambaa bado hajahama. Yupo yupo tu huko alikokwenda.

Siku moja baba alikwangua kadi ya simu kama kawaida, tukasubiri yule mwanamke wa kwenye kadi amalize kutuambia dakika zilizobaki, kisha sauti ya bibi ikaja na mwangwi wake. Baada ya salamu za kila mtu na kila kuku, akasema, "Mwanangu, macho yananiaga." Ilikuwa presha ya macho. Daktari alikuwa amemwambia kwamba nuru iliyokwisha kutoka hairudi. Hakulia. Alisema tu, "Hiyo kompyuta yako inakaaje? Nipe vipimo nikufumie ningali naona."

Baba aliihamishia simu sikio la pili. Angemwambiaje mama yake kwamba chombo hicho hakuna anayejua kinakaaje? Na angemwambiaje asubiri, wakati macho hayasubiri?

Mama alimpa dawa iliyo wazi. "Kanunue iliyopo dukani, umpe bibi vipimo vya uhakika." Baba akatikisa kichwa. Alikuwa ameshamwambia bibi kwamba anapata mpya, ya kisasa, ambayo hata Wamarekani bado hawajaipata, na bibi alikuwa ameshaitangaza mtaa mzima. Hakuwa tayari kumshusha mama yake.

Basi ndipo ulipoanza ule mkutano wa Jumamosi. Jirani Mkongo alipanda na bakuli la sombe, mama wa Kizanzibari akapanda na kahawa ya tangawizi, nasi watoto tukalala sakafuni na karatasi na kalamu za rangi kuchora kila kilichosemwa. Ulikuwa mwaka wa nyenje, wale wadudu wanaolala ardhini miaka na miaka kisha wanatoka siku moja wote pamoja. Walikuwa wanalia nje kwenye miti hata tukalazimika kufunga dirisha tusikilizane, joto lile.

"Muzee, miye nakwambia, ile machini itakuwa plate," jirani Mkongo alisema, akinyoosha kiganja hewani kuonyesha ubapa. "Mbele écran, ile skrini, nyuma hakuna kitu."

"Hakuna kitu?" Baba alikuwa mkali kana kwamba ametukanwa. "Na akili yake itakaa wapi? Ndugu yangu, chenye akili hakikosi kisogo."

Hiyo ndiyo ikawa kauli ya nyumba yetu. Chenye akili hakikosi kisogo. Kompyuta zote tulizowahi kuziona zilikuwa na mgongo mnene nyuma ya skrini, na baba aliamini kwamba ya kesho, kwa kuwa itakuwa na akili zaidi, kisogo chake kitakuwa kikubwa zaidi. Ukifikiri vizuri, hoja ilikuwa nayo mashiko. Mama wa Kizanzibari, aliyekuja kwa ajili ya kucheka tu, alitikisa kikombe chake akasema, "Jamani nyie, mnabishania kisogo cha mwana hajazaliwa! Haya, kheri."

Jumamosi iliyofuata baba alirudi kutoka ghalani na maboksi ya ndizi, akakata, akakunja, akabandika kwa gundi ya karatasi mpaka kompyuta ya boksi ikasimama juu ya meza yetu ya kulia, uso bapa, kisogo cha mviringo kilichoelekea ukutani. Mdogo wangu aliichorea vitufe. Tulikula tukiwa tumebanana upande mmoja wa meza ili tusiiguse, na mama, kwa mzaha wake, aliipangusa vumbi kila alipopangusa vitu vingine.

Vipimo navyo havikuwa vya rula. Bibi alikuwa hatumii rula, alikuwa anatumia shibiri, na aliagiza apimiwe kwa mkono wa mama. "Mkono wake na wangu ni mmoja," alisema. "Tulipimana siku ya hina yake." Kwa hiyo mama aliosha mikono, akatandaza vidole juu ya lile boksi kutoka kidole gumba mpaka cha mwisho, shibiri kwa shibiri, huku baba ameshika simu na kumsomea bibi mkono wa mkewe. Upana wa uso. Kimo. Halafu mzunguko wa kisogo, mama akiinama kulikumbatia boksi kama mtoto mgonjwa. Upande wa pili wa dunia bibi alikuwa anapima uzi wake kwa mkono uleule.

Kiangazi kilikuwa kinaelekea ukingoni mama wa Kizanzibari aliporudi kutoka likizo nyumbani. Alipitia Tanga kwa makusudi. Alikifungua kitambaa sebuleni kwetu kikanukia udi. Kilikuwa cheupe chenye ukingo wa buluu, na nyuma kilikuwa na mfuko mkubwa wa mviringo, wa kisogo. Upande wa mbele nyuzi zilikuwa zimenyooka. Kwenye kisogo zilianza kuyumba kidogo. Mama wa Kizanzibari alituambia kwa sauti ya chini kwamba sehemu ile ya mwisho bibi aliifuma kwa kupapasa, kwa sababu nuru ilikuwa imeshamwacha. Tulilivalisha boksi letu. Kilikaa vizuri ajabu, na baba alikinyoosha ukingo pande zote.

Haukupita muda jirani Mkongo alibisha hodi na gazeti la matangazo mkononi. Hakuwa na furaha ya mshindi, nampa heshima yake. Aliliweka tu mezani kando ya boksi. Ile kompyuta ilikuwa imetoka, na ilikuwa bapa kama mlango. Ukiitazama kwa ubavu ungedhani ni fremu ya picha. Haikuwa na kisogo hata kidogo.

Mimi nilikuwa mtoto na niliipenda papo hapo. Mama akachukua kitambaa, akakikunja kwa nyuma, akasema pole pole, "Huu mfuko naweza kuukata. Nikashona ukingo upya, nani atajua?"

"Usikiguse," baba alisema. "Aliyekifuma haoni tena. Hafumi kingine."

Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa siku ile, na leo naona ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Alisema, "Mama atauliza kama kimekaa. Na mimi mama yangu simdanganyi."

Basi badala ya kutafuta kitambaa cha kompyuta, tukaanza kutafuta kompyuta ya kitambaa. Mwisho wa mwezi ule watu walikuwa wanatupa kompyuta zao za migongo kando ya barabara, maana kila mtu alikuwa anataka bapa. Tulitembea familia nzima kwenye vijia vya Hyattsville, jirani Mkongo akisukuma kigari cha dukani, na kila tulipoikuta moja imekaa nyasini karibu na pipa la taka, mama alichuchumaa akaipima kwa shibiri. Wapita njia walikuwa wanatushangaa. Na wewe fikiria, mwanamke amejifunga kanga juu ya suruali, anapapasa takataka kwa vidole vyake kuanzia kidole gumba mpaka cha mwisho, kisha anatikisa kichwa kwa huzuni na kusimama. Hii kisogo kidogo. Hii uso mpana. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Jumamosi nyingine tukaenda tena, na nyingine, hadi tukaipata moja nje ya jengo la jirani kabisa na letu, rangi ya maziwa yaliyochacha. Mama alipima mara mbili. Halafu akapima tena, akamtazama baba.

Ilikuwa mzee wa kompyuta, nisikufiche. Ukiiwasha, ulikuwa na muda wa kuchemsha chai, kuinywa na kuosha kikombe kabla haijafumbua jicho. Ndiyo iliyonichapia kazi zangu zote mpaka nikamaliza sekondari. Ile ya kesho hatukuwahi kuinunua.

Jioni ile ile tuliyoiokota, baba aliipandisha mezani, akaivalisha, akaweka simu kwenye spika ili sote tusikie. Hakungoja salamu za kuku.

"Mama, chombo kimo ndani."

"Kimekaa?" bibi aliuliza.

"Kimekaa, mama."

"Na kisogo?"

Baba alipitisha kiganja chake juu ya zile nyuzi zilizoyumba. "Kisogo kimeingia chote."

Bibi akashusha pumzi, tukaisikia kutoka Tanga. "Alhamdulillahi," akasema. "Sasa umehama."

Baba alijibu haya mama, akaenda jikoni akafungua maji ya bomba kwa nguvu, na hakuwa na chombo cha kuosha.

Bibi aliishi gizani miaka kadhaa baada ya hapo, na kila simu aliuliza kama kitambaa kinafuliwa. Alipoondoka duniani, haikupita miaka mingi baba akamfuata. Majengo ya matofali yamepakwa rangi mpya na kodi yake hata sitaki kuiulizia. Jirani Mkongo alihamia mbali, mama wa Kizanzibari amerudi kwao. Mama anaishi na sisi hapa Columbia, mikono yake imekakamaa kwa baridi yabisi na shibiri yake haifunguki tena yote.

Kitambaa ninacho. Leo, chai ikiwa inapoa, nimekwenda kukitoa kabatini, nikakiweka mezani kando ya mwanangu. Kimekaa miaka mingi kwenye umbo lile hata hakijasahau. Kilisimama kidogo, kisogo kimevimba bila kitu ndani, kisha kikalala taratibu.

Mwanangu akainua macho kwenye simu yake. "What's it for?"

Nikataka kumweleza ni cha nini, nikajikuta nimechoka. Nikamwomba aendelee kunionyesha ile michoro yake, nikakaa pembeni yake kuitazama. Itatoka, hiyo kompyuta, bapa au ya mviringo, na siku hiyo hiyo dunia nzima itajua upana wake na kimo chake. Lakini Tanga simu haitapokelewa. Hakuna anayevisubiri vile vipimo, uzi mkononi, ili atuambie kwamba tumehama.