Siku Niliyotaja Jina la Baba Mkwe

Kuna siku moja ya kiangazi kule Kalama ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu. Nikikuona ukimvuta mtoto wako mkono na uso umeukunja hivyo, inanirudia yote. Kaa nikwambie. Si habari ya kufurahisha.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mume wangu alifanya kazi Mombasa, akija nyumbani mara mojamoja, nami niliishi bomani kwa wazazi wake na mtoto wangu wa kwanza. Kwa desturi yetu Wakamba, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Na kwa desturi hiyo hiyo, mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe. Basi mtoto alikuwa Mutua kama babu yake, lakini kinywani mwangu hakuwa Mutua hata siku moja. Nilimwita Kamzee.

Kamzee alikuwa mtoto mgumu. Sisemi mtundu, watundu tunawajua na tunawacheka. Huyu aliwauma wenzake, alitoroka shule, aliwafungulia mbuzi makusudi waingie kwenye kunde za watu, na ukimuuliza sababu anakutazama tu. Nilimchapa, nikampeleka akaombewa, nikachoka. Asubuhi nikisikia ameamka, moyo wangu ulikuwa unazama. Sikumwambia mtu, kwa maana nilidhani hakuna mama mwingine aliye hivyo.

Siku hiyo akafungulia mfereji wa tangi la maji la jirani yetu, Mama Ndinda. Mvua ilikuwa imekosekana, na maji hayo yaliyokingwa paani ndiyo aliyotegemea yeye na wajukuu wake. Yalimwagika yote mchangani. Alikuja bomani na ndoo tupu, wala hakunipigia kelele. Aliiweka chini mbele yangu.

“Mama, nimekuja unionyeshe pahali nitateka maji,” akasema.

Afadhali angenitukana. Majirani walikuwa wamejaa langoni wakitazama. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikamshika mtoto mabega, nikamwambia kwa jina lake, “Mutua, heri ungekufa ukiwa tumboni.”

Baba mkwe alikuwa ameketi kando ya ghala akimenya mbaazi. Nilikuwa nimetaja jina lake, tena nikilitakia kifo mbele ya watu. Kuna wanawake waliorudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo. Aliweka ungo chini polepole.

“Umeniita, mama,” akasema. “Nimeitika.”

Nilipiga magoti nikingoja anitoze mbuzi wa faini. Hakutaja mbuzi. Alimtuma mtoto amjazie Mama Ndinda ndoo kutoka mtungi wetu na kumbebea mpaka kwake. Walipoondoka ndipo akanigeukia.

“Hilo jina liko na wenyewe wawili,” akasema. “Mimi niko na mgongo mgumu. Huyo mdogo bado. Ukijaa hasira, kuja hapa uniambie mimi, hata kama ni maneno mabaya. Lakini yeye usimwambie tena.”

Jambo hilo lilikuwa geni, kwa sababu mke wa mwana haketi na baba mkwe kuzungumza hivyo. Lakini nilienda. Jioni nilikaa mbali kidogo naye, tukamenya mbaazi, nikasema: leo simpendi. Leo natamani kutoroka nimwache. Mzee hakunishauri lolote. Aliguna tu, akaendelea na mbaazi zake. Nikirudi jikoni niliweza kumpakulia mtoto chakula bila kumtupia sahani. Kamzee hakubadilika sana, nisikudanganye. Mimi ndiye niliyepata nguvu za kuishi naye.

Miaka ikapita, mzee akafa kwa ugonjwa wa kifua. Tulipokuwa tumesimama kaburini, Kamzee, sasa amenifika mabegani, aliniuliza bila kunitazama.

“Mama, siku ile ulisema Mutua akufe. Ulikuwa unamaanisha mimi ama yeye?”

Miaka yote hiyo nilidhani amesahau. Nilimwambia sikutaka yeyote afe, nilikuwa nimechoka. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchukua sepetu awasaidie wanaume. Sijui kama aliniamini. Leo ni mtu mzima, anafanya kazi Kinanie. Huniletea sukari na unga, hunisalimia vizuri, lakini halali kwangu. Nikimtandikia kitanda husema atachelewa kazini.

Sasa sikiza, mwanangu. Kumchoka mtoto wako, hata kumchukia kwa saa nzima, hakukufanyi kuwa mama mbaya. Mkanye, mnyime, mrudishe akaombe msamaha kwa aliowakosea. Lakini uchungu ulio nao mpelekee mtu mzima: dada yako, mama mkwe, hata mimi, mlango wangu unaujua. Usingoje mpaka umejaa mbele ya watu. Na usimwambie kamwe kwamba hakufaa kuzaliwa. Wewe utakuwa umechoka tu, lakini yeye ataondoka na neno hilo.

Mungu akupe mtu wa kukusikiliza kabla mtoto hajakusikia. Na mwanao akishakuwa mkubwa, alale nyumbani kwako mpaka kuche, umwite kwa jina lake, naye aitike.