Majani ya Skafu ya Hille

Luule aliliona kosa asubuhi, alipokuwa anaikunja skafu ya lesi aliyokuwa akiifuma mama yake, apate kutandika meza. Katikati ya majani yaliyopangana kama yako mtini, jani moja lilikuwa limepinda, halina hata kimoja cha vile vifundo vya uzi vinavyolipamba. Mama yake, Meeta, alikuwa na miaka themanini na minne, na mji mzima wa Haapsalu ulijua hajawahi kukosea jani.

Macho yameisha, Luule aliwaza. Skafu ilikuwa ya mjukuu wa mama, Hille, aivae siku ya kipaimara. Akimwambia mama, ni kama kumnyang'anya sindano mkononi. Akinyamaza, wafumaji wote kanisani wataliona.

Mama alipokwenda kunywa kahawa na wajane wenzake kanisani, Luule akamwomba Mungu amsamehe, akafumua mistari kumi na miwili. Akaifuma upya, jasho linamtoka. Vifundo ndivyo vilivyomtesa: kila kimoja vitanzi saba, na ukivibana, sindano haipiti kwenye mstari wa kurudi. Anamaliza tu, geti likalia.

Mama Meeta alivua koti, akaketi dirishani, akachukua kazi yake. Vidole vikapita juu ya majani taratibu, kama anapapasa uso wa mtoto aliyelala. Vikasimama. Vikarudi nyuma.

"Luule."

"Abee, mama."

"Nani kaingia humu ndani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi paka wetu siku hizi anafuma. Tena anabana vifundo kama anafunga gunia la viazi."

Luule akajifanya anapanga vikombe mezani.

"Mkono wako naujua tangu una miaka sita, wewe. Hapa palikuwa na nini?"

"Jani moja lilipinda, mama. Niliogopa utaumia."

Mama akatazama dirishani, kule asikoona vizuri. "Nimeumia, ndiyo. Ila si kwa jani. Tangu Pasaka siioni karatasi ya mchoro wa kufumia. Nafuma kwa kukumbuka, na kukumbuka nako kunachoka. Ningekwambia, ungenipa soksi nifume."

"Mama jamani! Soksi?"

"Soksi. Za kijivu."

Wakacheka wote wawili, na Luule akajikuta analia. Mama akachomoa sindano, akaifumua mistari ile kumi na miwili bila huruma.

"Mama! Zimebaki siku tisa!"

"Skafu moja, mkono mmoja. Lete karatasi, usome. Macho yawe yako, vidole bado ninavyo."

Luule akavaa miwani. "Mbili pamoja, uzi mbele, moja, kifundo, uzi mbele..."

"Polepole, mwanangu. Unasoma kama mchungaji mwenye njaa."

Akaanza tena, polepole. Kabla ya chakula cha jioni jani lilikuwa limerudi. Mama Meeta akalipitisha vidoleni, kutoka kikonyo hadi ncha, na vidole havikusimama popote.