Kitambaa Juu ya Kompyuta

Soksi zenye jasho. Nikizinusa tu, narudi shule yetu ya msingi nje ya Kitale, miaka ile ya elfu mbili na kitu, mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Viatu tuliacha nje kwa sababu, tuliambiwa, kompyuta inaogopa vumbi. Ndani kulinuka zizi la beberu. Kila mashine ilivalishwa kitambaa cha kroshia, kama makochi ya nyanya kule Bungoma.

Madam Nafula, mwalimu wetu, ndiye aliyevivua vitambaa hivyo. Mashine hizo za msaada zilikuja tupu, akazitilia Linux, programu ya kuendesha kompyuta, kutoka sidii moja ya bure. "Kijana wa chuo huko Ulaya aliianzisha, akaigawa," alituambia. "Wengine wakaongezea. Fungua ndani, badilisha, mpe jirani. Si wizi." Nilielewa haraka: ni kama mbegu za maharagwe ambazo nyanya alimgawia kila aliyepita.

Tukafungua ndani ya mchezo mmoja, penye maneno yake. Pale ulipomzomea kwa Kiingereza aliyeshindwa, nikaandika: "Umelemewa, bana. Rudi ukapalilie." Madam alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi, msichana wa darasa la saba, kompyuta inasema maneno yangu! Niliisubiri siku ya wazazi nimwonyeshe Baba.

Ikafika. Mwenyekiti wa kamati ya shule, tumbo limetangulia tai, akauliza Linux ni pesa ngapi.

"Ni ya bure, mzee."

"Ati bure? Madam, mbwa wa bure huja na kupe. Sisi si ombaomba!"

Wazazi wakapiga makofi. Baba pia. Kabla sijagusa kitufe, mashine zikazimwa. Wiki iliyofuata mwenyekiti akaleta sidii ya programu "ya maana", iliyonakiliwa kwa wizi kibandani Bungoma. Linux ikafutwa, na maneno yangu nayo. Sidii yake ilikuja na virusi. Muhula haukuisha, mashine zote kimya. Vitambaa vikarudi juu yake kama sanda.

Leo simu nyingi mnazoshika, ndani yake kuna Linux hiyo hiyo. Mwenyekiti naye anayo mfukoni, anasambazia watu mahubiri asubuhi.

Juzi binti yangu alitumwa kutoka shule: mzazi alete kitambaa cha kufunika tableti. Nikamuuliza, "Na mnaifungua lini?" Akavua soksi zake, zikinuka jasho lile lile.

Utotoni niliamini kompyuta inaogopa vumbi. Kumbe wakubwa waliogopa vidole vyetu. Kitambaa sipeleki. Kesho naenda mwenyewe, na viatu vyangu miguuni.